Aljebra ya Kete na Mizani kwa Watoto wa Nyumba Moja

Mzazi aliyeazimu kuwasomesha watoto wake nyumbani, akiwa na mmoja tu, hana sababu ya kujisumbua mno juu ya mwendo wa masomo, kwa kuwa humfuata mwanawe hatua kwa hatua, akienda upesi huenda naye upesi, akisita husita naye. Lakini mwenye watatu au wanne, wenye umri mbalimbali na fahamu zisizolingana, hukabiliwa na mas'ala ambayo mwenye mmoja hayajui: awakusanye wote katika somo moja kwa wakati mmoja, ama ampe kila mmoja zamu yake; na akisha kuchagua njia, akae na somo moja siku ngapi kabla ya kuingia la pili? Mas'ala haya huzidi uzito yanapofika kwenye aljebra. Katika jiografia, mtoto aliyesahau mito ya Asia aweza kujifunza mito ya Ulaya bila hasara. Katika aljebra kila kanuni imesimama juu ya iliyoitangulia, na aliyeipita moja kwa kukariri tu huja kulipia upungufu huo miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo yeye na mzazi wake hawatambui tena asili ya taabu hiyo.

Nchi ambayo jambo hili limejaribiwa kwa wingi ni Marekani, ambako kusomesha watoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, na ambako idadi ya watoto wasomao hivyo, kwa makisio ya serikali, ilipanda kutoka kama 850,000 mwaka 1999 hadi karibu milioni 1.7 mwaka 2016. Miongoni mwa vifaa vilivyopata umaarufu katika nyumba hizo ni Hands-On Equations, mpango uliobuniwa na mwalimu wa hesabu Henry Borenson katika miaka ya 1980, nao nimeuchagua kuwa kielelezo cha uchambuzi huu kwa sababu mwendo wake umegawanywa waziwazi: masomo 26 katika madaraja matatu, 7 katika la kwanza, 9 katika la pili na 10 katika la tatu.

Vifaa vyenyewe ni haba. Kuna picha ya mizani yenye vitanga viwili, kete za buluu zinazoshika mahali pa idadi isiyojulikana, na dadu nyekundu zenye namba. Mtoto akipewa mlinganyo 4x + 2 = 3x + 9, huweka kete nne na dadu ya 2 katika kitanga cha kushoto, kete tatu na dadu ya 9 katika cha kulia, kisha huondoa kete tatu huku na tatu huko, mizani isipoteze usawa wake; hubaki kete moja na 2 upande mmoja, na 9 upande wa pili; huondoa 2 pande zote, na kete hudhihirika kuwa 7. Hapo hurejea kwenye mlinganyo wa asili na kupima: kushoto 30, kulia 30. Mtoto wa miaka minane aweza kuyafanya hayo yote, na ndiyo sababu wazazi wengi hustaajabu, wakadhani kwamba mwanao amekwisha kuijua aljebra, hali amejua lango lake tu. Staajabu hiyo ndiyo mwanzo wa haraka, nayo haraka katika mpango huu ndiyo adui mkubwa kuliko uzito wa masomo.

Si ajabu kwamba lango hilo ni jepesi, kwa maana ndilo walilopitia wenyewe waliotangulia. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake mashuhuri cha aljebra mjini Baghdad mnamo mwaka 820, hakutumia herufi wala alama yoyote. Kila mlinganyo aliueleza kwa maneno, akaitaja idadi isiyojulikana kuwa ni kitu, akaondoa kilicho sawa pande mbili, na hakukubali jibu lililo pungufu ya sifuri. Daraja la kwanza la mpango huu limo takriban ndani ya mipaka hiyo hiyo: yaliyomo yote yaweza kushikwa mkononi. Hali kadhalika Jerome Bruner, mtaalamu wa elimu nafsi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya nadharia ya ufundishaji, alieleza kwamba maarifa humwingia mwanadamu kwa njia tatu, kwanza kwa kitendo, kisha kwa picha, na hatima yake kwa alama. Na mpango wa kete hufuata mfuatano huo, kwa kuwa mwisho wa daraja la kwanza mtoto huziacha kete na kuchora kwenye karatasi pembetatu badala ya kete na namba ndani ya mraba badala ya dadu.

Kabla ya kuhesabu siku, yafaa mzazi ajue ni maradhi gani anayoyatibu. Mwaka 1999 watafiti watatu wa Marekani, Karen Falkner, Linda Levi na Thomas Carpenter, walitoa habari za watoto 145 wa darasa la sita walioulizwa namba gani ijaze nafasi katika 8 + 4 = □ + 5. Jibu ni 7. Wote 145, pasipo hata mmoja kusalimika, walijibu 12 au 17. Walikuwa wakijua kujumlisha vyema. Walichokosa ni kufahamu kwamba ile alama ya usawa haisemi "toa jibu", bali yashuhudia kwamba pande mbili zina kadiri moja. Basi masomo mawili matatu ya kwanza ya kete, ambayo mtoto hodari huyamaliza kwa dakika chache akaomba mengine, yana kazi ambayo haionekani katika majibu yake: yanamng'oa katika dhana aliyoizoea tangu darasa la kwanza. Mzazi asiyejua hivyo huyapita upesi kwa kuwa ni mepesi, na mtoto husonga mbele akiwa na mizani mezani na dhana ya kale kichwani.

Sasa tuje kwenye wingi wa watoto. Tuseme nyumba ina wa miaka minane, wa kumi na wa kumi na miwili. Rai iliyo nyepesi ni kuwaanzisha wote siku moja, kwa kuwa hakuna miongoni mwao aliyesoma aljebra, na kuwapeleka pamoja hadi mwisho. Rai hii ina faida ambazo si za kudharau: mzazi hueleza mara moja badala ya tatu, meza ina uchangamfu, na mdogo hujifunza mengi kwa kusikia tu. Ila haidumu. Aghalabu kufikia somo la sita, lenye mabano ya namna ya 2(x + 3) = x + 10, mmoja amekwisha kutangulia na mmoja yuko nyuma, na mzazi hulazimika kuchagua nani amdhulumu. Wengi humdhulumu wa nyuma, wakidhani wanamfanyia hisani kwa kumvuta.

John Carroll, katika makala yake ya mwaka 1963 juu ya kielelezo cha kujifunza shuleni, aliligeuza suala hili juu chini. Badala ya kusema kwamba mtoto huyu ana kipaji na yule hana, alisema kwamba kipaji ni kadiri ya muda ambao mtu anauhitaji ili ajue jambo, na kwamba kiasi atakachojua hutegemea uwiano kati ya muda aliopewa na muda aliouhitaji. Shule yenye watoto arobaini darasani haiwezi kuifuata kauli hii hata ikiikubali, kwa kuwa kengele haimngoji mtu. Nyumba yaweza. Hiyo ndiyo rasilimali kubwa aliyo nayo mwenye kusomesha wanawe, na ni jambo la kusikitisha kuona jinsi wazazi walio wengi wanavyoitupa, wakajitungia nyumbani kengele ile ile waliyoikimbia.

Watu wa Pwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mwendo ulio bora, kwa maana walikua nao. Katika chuo cha Qur'ani watoto huketi jamvi moja, wanaanza pamoja na kuondoka pamoja, lakini kila mmoja ana mahali pake: huyu yuko katika herufi, yule katika juzuu ya Amma, wa tatu amekaribia kuhitimu. Mwalimu humsikiliza mmoja mmoja, na hakuna avukaye aya kwa sababu mwenzake ameivuka. Na wakati mwalimu anamsikiliza huyu, mkubwa humshikisha mdogo yale aliyokwisha kuyapita. Chuo kina kasoro zake, na kukariri bila kufahamu ni mojawapo, lakini mpangilio wake wa wakati ndio hasa unaofaa kwa kete na mizani: kikao kimoja, masomo mbalimbali.

Kwa vitendo, maana yake ni kwamba saa ya aljebra iwe moja kwa wote, na mwanzoni masomo mawili ya awali yafundishwe kwa pamoja. Baada ya hapo kila mtoto ashike somo lake, awe na seti yake ya kete, kwa maana kuzigombea kete hupoteza muda kuliko ugumu wowote wa hesabu. Wakati mzazi anamfungulia mmoja somo jipya, jambo linalohitaji dakika kumi au kumi na tano, wengine wawili wafanye mazoezi ya somo ambalo wanalo tayari. Siku moja hailazimu kila mtoto apate somo jipya. Yatosha mmoja apate, na kesho mwingine.

Na kipimo cha kumvusha mtoto kiwe nini? Si majibu sahihi peke yake, kwa kuwa katika daraja la kwanza namba ni ndogo na mwenye akili nyepesi hubahatisha akapata. Somo la kwanza lenyewe humruhusu mtoto kukisia. Taabu huanza pale anapoendelea kukisia baada ya kufundishwa kuondoa kete pande zote mbili. Mtoto wa namna hii hutoa majibu kumi sahihi kati ya kumi, na mzazi humvusha kwa furaha, kumbe hajakigusa kilichokusudiwa. Dawa yake ni kumtaka aseme kwa kinywa kila anachokiondoa na kwa nini mizani haikupinda, na kumpa mlinganyo ambao jibu lake ni kubwa kiasi kwamba kukisia kutamchosha. Tena apimwe siku ya pili, wala si saa ile ile aliyofundishwa. Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia nafsi yake, kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka ndani ya siku ya kwanza. Basi anayejua leo jioni na asijue kesho asubuhi hajajua, na anayejua kesho asubuhi aweza kuvuka hata kama alikosea mara mbili jana.

Kiungo cha kwanza kinachostahili kucheleweshwa ni kile cha kutoka kwenye kete hadi kwenye kalamu, katika somo la saba. Hapa wakubwa na wadogo hutofautiana vikali. Yule wa miaka kumi na miwili huzichoka kete mapema, huziona ni mchezo wa watoto, na yafaa aruhusiwe kuchora upesi. Wa miaka minane hung'ang'ania kete, na ukimnyang'anya kabla ya wakati, huchora pembetatu bila kujua zinasimama badala ya nini. Mwaka 2013 Kira Carbonneau na wenzake walikusanya tafiti 55 zilizolinganisha ufundishaji wa hesabu kwa vitu vya kushika na ule wa alama tupu. Walikuta kwamba vitu husaidia, lakini kwa kadiri inayotofautiana mno kufuatana na namna vinavyotumiwa. Hilo lapatana na akili: kete haimfundishi mtu jambo, isipokuwa mkono unaoisogeza umefungamana na fikira. Kwa hiyo kwa muda fulani mtoto afanye mlinganyo mmoja kwa namna mbili, kete upande huu na mchoro upande ule, mpaka aone mwenyewe kwamba mojawapo haihitajiki. Kwa mdogo muda huo waweza kuchukua majuma matatu. Mzazi asihesabu majuma hayo kuwa ni hasara.

Kiungo cha pili ni kizito kupita vyote, nacho huanza na daraja la pili, inapotokea kete nyeupe. Kete hii ni kinyume cha ile ya buluu: ya buluu ikiwa 3, nyeupe ni hasi 3, na zikikutana katika kitanga kimoja huwa sifuri na zaweza kuondolewa pamoja. Tazama mlinganyo ambao kushoto una kete mbili za buluu, na kulia una kete moja nyeupe na 9. Hakuna cha kuondoa kilicho sawa pande zote. Lazima mtoto aongeze kete ya buluu kila upande, kulia buluu na nyeupe ziangamizane, kushoto ziwe tatu, na tatu hizo ziwe sawa na 9. Mpaka jana mtoto alijua kwamba kufumbua mlinganyo ni kupunguza. Leo anaambiwa aongeze ili apunguze. Fauka ya hayo, mizani yenyewe imeanza kusema uongo, kwa maana hakuna sokoni kitu ambacho ukikiweka kitangani hupunguza uzito. Katika daraja la tatu dadu za kijani huja kuwa namba hasi, na mlinganyo kama x + 8 = 3, ambao jibu lake ni hasi 5, humtaka mtoto aione mizani kuwa ni ishara tu. Joëlle Vlassis wa Ubelgiji aliichunguza mizani hiyo katika makala ya mwaka 2002, na hukumu yake ilikuwa ya wastani: humsaidia mwanafunzi kufahamu kanuni ya kutenda sawa pande zote, ila haiwezi kumbeba mbele ya namba hasi.

Mwenye kuona kwamba watoto wanachelewa hapa na akumbuke historia. Mhindi Brahmagupta alitoa kanuni za namba hasi mwaka 628, akizieleza kwa mfano wa mali na deni; na zaidi ya miaka elfu moja na mia baadaye, mwaka 1758, Mwingereza Francis Maseres, mwanahesabu na mwanasheria, alichapisha kitabu kizima cha kuzipinga. Ikiwa mtu wa elimu namna ile alikataa mpaka mwisho, hatuna haki ya kumdai mtoto wa miaka tisa akubali kwa juma moja. Rai yangu ni kwamba wa miaka minane aishie daraja la kwanza kwa mwaka ule, apumzike na kufanya mafumbo ya daraja hilo tu, na daraja la pili lingojee mpaka awe na mazoea ya namba hasi kwa njia nyingine: vipimo vya baridi, deni la dukani, ghorofa za chini ya ardhi katika lifti. Wa miaka kumi aingie, lakini kwa nusu ya mwendo wa awali.

Kuhusu kalenda si mengi ya kusema. Kwa masomo mawili kila juma, mpango wote humalizika katika majuma 13. Kwa somo moja, katika 26, yaani sehemu kubwa ya mwaka wa shule wenye majuma kama 36. Hesabu hizi zafaa kwa mzazi wa jimbo la New York, ambaye sheria yamtaka apeleke taarifa kila robo ya mwaka, ama wa Pennsylvania, ambaye lazima atimize siku 180 au idadi maalumu ya saa. Yule wa Texas haulizwi hata tarehe. Lakini sheria hizo hazimlazimishi mtu yeyote kumaliza masomo 26 ya kete, na aandikaye katika taarifa yake kwamba mtoto amerudia somo la nane mara tatu ameandika kweli iliyo na faida.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ualimu hulitaja kwa nadra, nalo huvunja mipango iliyopangwa vizuri: mdogo kumpita mkubwa. Mwendo ukiwa huru litatokea, kwa kuwa wa miaka kumi mwenye kupenda mafumbo hashindwi kumfikia wa miaka kumi na miwili asiyependa. Mkubwa hapo huona haya, na haya hiyo ikigeuka chuki ya somo, hakuna kete itakayoiponya. Mzazi mwenye busara hatangazi namba za masomo, hazibandiki ukutani, wala hamsifu mmoja mbele ya mwingine; na humpa mkubwa kazi ambayo mdogo haiwezi, kama kuandika kila hatua kwa herufi badala ya mchoro, au kutunga milinganyo kwa ajili ya wenzake, jambo ambalo kwa hakika ni gumu kuliko kuifumbua.

Kazi bora ya kuwakutanisha tena walioachana ni mafumbo ya maneno. Sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi inahusu wasia na mirathi, na jamaa ya Kiislamu haina sababu ya kwenda kutafuta mafumbo mengine. Mtu amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na mali ya shilingi elfu 40 baada ya deni na wasia. Mke apata thumni, yaani elfu 5. Zabaki 35, na kila mwana wa kiume apate mara mbili ya binti. Wa miaka minane aweka kete moja kwa binti, mbili kwa kaka wa kwanza na mbili kwa wa pili, na kitanga cha pili dadu zenye jumla ya 35. Wa kumi achora pembetatu tano. Mkubwa aandika 5x = 35. Wote wafike kwa binti 7 na kila kaka 14, kila mmoja kwa njia yake, kwa kikao kimoja. Kisha mkubwa aulizwe itakuwaje wakiwa mabinti wawili. Kete huwa sita, jumla ni ile ile 35, na hakuna dadu itakayolionyesha jibu. Hapo atake au asitake ataingia katika sehemu, ambazo mpango wa kete hauzishughulikii, na kitabu cha kawaida cha aljebra kifunguliwe kwa ajili yake siku hiyo hiyo, hata kama nduguze wangali na mizani mezani.